Mali bila Daftari Hupotea bila Habari

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo kila mtoto wa shule huzijua kwa moyo. Ya kwanza yasema, "Mwacha asili ni mtumwa." Ya pili yasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Ya kwanza humwonya mtu anayewaonea haya watu wake, ya pili humwonya mfanya biashara asiyeandika hesabu zake. Kwa desturi hatuzitaji pamoja, maana moja ni ya nyumbani na moja ni ya dukani. Lakini wako watu duniani ambao methali hizi mbili zimekutana juu ya vichwa vyao. Watu hao hawakuiacha asili yao, bali walinyang'anywa. Walihesabiwa kuwa mali, wakaandikwa daftarini kama mali. Na leo wajukuu na vitukuu wao, wakitaka kuijua asili yao, hawana budi kuitafuta katika daftari zile zile za watu waliowauza wazee wao.

Nataka kuwaeleza habari za watu wa namna hiyo, waliouzwa katika nchi ya Marekani mwaka 1838, na jinsi jamaa zao na wazao wao walivyowatafuta. Nimechagua kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, hati zake zipo na zimechunguzwa sana, hata mtu aweza kuzifuata hatua kwa hatua. Pili, waliowauza hawakuwa maharamia wala watu wasiomjua Mungu. Walikuwa mapadre wenye shule. Sisi tuliosomeshwa katika shule za misheni yatupasa kukisikia kisa hiki bila kugeuza uso.

Biashara ya watu ndani ya nchi

Watu wengi hudhani ya kuwa msiba wa utumwa wa Marekani ulikuwa ni ule wa kuvushwa bahari tu. Ni kweli, msiba ule ulikuwa mkuu. Lakini tangu mwaka 1808 sheria ya Marekani ilikataza kuingiza watumwa wapya kutoka ng'ambo, na utumwa haukukoma kwa ajili hiyo. Ulizidi. Katika majimbo ya zamani, kama Virginia na Maryland, ardhi ilikuwa imechoka kwa kulimwa tumbaku miaka mingi, na mabwana walikuwa na watu wengi kuliko kazi. Kusini zaidi, katika Louisiana, Mississippi na Alabama, mashamba mapya ya pamba na ya miwa yalikuwa yakifunguliwa, na bei ya mtu ilikuwa juu.

Basi ikastawi biashara ya ndani. Wataalamu wa historia wakadiria ya kuwa watu wapatao milioni moja waliondolewa katika majimbo ya zamani wakapelekwa kusini, wengine kwa miguu hali wamefungwa minyororo, wengine kwa merikebu. Watu hao walikuwa wamezaliwa katika nchi ile. Walikuwa na mama, na mume au mke, na watoto, na makaburi ya wazee wao. Babu zao walitengwa na Afrika. Wao wakatengwa mara ya pili. Wala hapakuwa na sheria ya kuwalinda, kwa kuwa ndoa ya mtumwa haikuwa ndoa mbele ya serikali. Mume aliweza kuuzwa leo na mkewe kesho, wakaenda njia mbili.

Mauzo ya mwaka 1838

Katika jimbo la Maryland mapadre wa Shirika la Yesu, waitwao Wajesuiti, walikuwa na mashamba makubwa tangu zamani za utawala wa Kiingereza. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na faida yake ilitumika katika kazi za kanisa na za elimu, pamoja na chuo cha Georgetown kilichoanzishwa mwaka 1789. Watumwa wenyewe walikuwa Wakristo. Walibatizwa na mapadre wale wale waliokuwa mabwana wao, wakafungishwa ndoa nao, na watoto wao wakaandikwa katika vitabu vya ubatizo. Mtu aliweza kuandikwa katika kitabu kimoja kuwa mwana wa Mungu, na katika kitabu cha pili kuwa mali ya shamba, na mkono ulioandika ukawa ni ule ule.

Ilipofika miaka ya 1830 mashamba hayakuleta faida ya kutosha, na chuo kilikuwa na madeni. Mapadre wakashindana kwa maneno. Wengine walitaka watumwa waachwe huru. Wengine walitaka wauzwe. Mkuu wa shirika lote, Padre Jan Roothaan, aliyekaa Rumi, mwaka 1836 aliruhusu wauzwe, walakini kwa masharti: jamaa wasitengwe, watu wapate nafasi ya kushika dini yao, na fedha zisitumike kulipa madeni. Tazama, aliyekaa mbali aliona hatari zote tatu. Lakini hakuona, au hakutaka kuona, ya kuwa jambo lenyewe ndilo baya.

Tarehe 19 Juni 1838 Padre Thomas Mulledy, mkuu wa Wajesuiti wa Maryland, alitia sahihi mkataba wa kuuza watu 272 kwa Henry Johnson na Jesse Batey wa Louisiana. Huyo Johnson alikuwa mtu mkubwa, aliyepata kuwa gavana wa jimbo lake. Bei ilikuwa dola 115,000. Mwanafunzi wa darasa la nne aweza kufanya hesabu hiyo: ni kadiri ya dola 423 kwa kila mtu, mzee na mtoto mchanga pamoja.

Watu waliandikwa kwa majina. Jina la kwanza katika mkataba ni Isaac, mzee wa miaka 65. Baada yake wanafuata watoto wake na wengine, kila mtu na umri wake. Mwandishi hakuwaandika hivyo kwa kuwaheshimu. Alitaka wanunuzi wajue wanacholipia, na wauzaji wajue wanachodai. Methali yetu ya pili waliijua sana.

Masharti ya Rumi yakavunjwa. Katika fedha za kwanza zilizolipwa, nyingi zilikwenda kupunguza madeni ya chuo. Jamaa wakatawanywa katika mashamba mbalimbali. Wengine waliposikia habari za kuuzwa walikimbilia mwituni, nao hawakuwa wajinga kwa kufanya hivyo. Tarehe 13 Novemba 1838 merikebu iitwayo Katharine Jackson iling'oa nanga katika bandari ya Alexandria, karibu na mji wa Washington, ikiwa imechukua watu wapatao 130. Ikaingia New Orleans tarehe 6 Desemba, baada ya siku 23. Kutoka huko watu wakagawanywa, wengine wakaenda wilaya ya Ascension, wengine Iberville, katika mashamba yaliyo kando ya mito na vinamasi.

Mwaka 1848, miaka kumi baadaye, Padre mwingine wa shirika hilo, James Van de Velde, alifika Louisiana akawaona baadhi ya watu hao. Akamwandikia Mulledy barua ya kumsihi. Aliarifu ya kuwa watu hawana kanisa la karibu, kwamba watoto wao wanakua bila mafundisho, naye akaomba fedha za kujenga nyumba ndogo ya sala. Barua hiyo ipo mpaka leo. Nayo ni shahidi mzito kuliko maneno ya adui yeyote, kwa kuwa ameiandika mtu wa nyumba ile ile.

Matangazo ya ndugu waliopotea

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipigwa tangu mwaka 1861 hata 1865, na mwisho wa mwaka 1865 utumwa ukafutwa katika sheria kuu ya nchi. Watu wapatao milioni nne wakawa huru. Labda tungedhani ya kuwa neno la kwanza walilotaka ni ardhi, au mshahara, au shule. Yote hayo waliyataka. Lakini wengi walianza kwa kutafuta watu wao. Watu walitembea kwa miguu kutoka jimbo hata jimbo, wakiuliza njiani habari za mama aliyeuzwa miaka ishirini iliyopita.

Aliyeweza kupata karani au mwalimu wa kumwandikia, aliandika tangazo. Magazeti ya makanisa ya watu weusi yakawa ndiyo baraza la kutafutana. Gazeti la Christian Recorder la Philadelphia, la Kanisa la African Methodist Episcopal, lilipiga chapa matangazo mengi ya namna hiyo. Na huko New Orleans, mji ule ule ilikotia nanga Katharine Jackson, gazeti la Wamethodisti liitwalo Southwestern Christian Advocate lilikuwa na safu maalum yenye kichwa "Lost Friends", maana yake ni Rafiki Waliopotea. Safu hiyo ilianza kutokea mwaka 1879, na ilikuwa ingali ikitokea mwaka 1900. Fikirini jambo hilo: miaka 35 baada ya uhuru, watu walikuwa wangali wakiuliza.

Aliyekuwa mnunuzi wa kudumu wa gazeti hakutozwa kitu kwa tangazo lake. Asiye mnunuzi alilipa senti 50. Gazeti lilifika kwa wahubiri karibu 800, na katika nyumba za posta 500, na kwa jamaa zaidi ya 4,000. Tena wachungaji waliombwa kuyasoma matangazo hayo mimbarini, kwa sauti, maana katika majimbo mengi ya kusini sheria za zamani zilikuwa zimekataza kumfundisha mtumwa kusoma, na watu wazima wengi walikuwa hawajui herufi. Basi siku ya Jumapili, baada ya mahubiri, yalisomwa majina ya watu waliopotea, na watu wote wakasikiliza. Pengine bibi aliyeketi nyuma alikuwa ndiye anayetafutwa.

Matangazo hayo yalikuwa na namna yake. Mtafutaji hakuanza kwa jina lake tu. Alitaja jina la bwana wake wa kwanza, na la bwana wa pili, na la mfanya biashara aliyemnunua, na mji alikouzwa. Alitaja mama yake kwa jina la kuitwa nyumbani, akataja ndugu zake mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo. Kisha akasema mwaka aliowaona mara ya mwisho, akaongeza alama: kovu, au ulemavu, au kazi ya baba. Mwisho akataja kanisa lake au posta yake, ili ajibiwe huko.

Msomaji atauliza, kwa nini mtu aliye huru awataje mabwana kwa kirefu namna hii? Sababu ni kwamba mtumwa akiuzwa, jina la ukoo aliloitwa kwalo huenda likabadilika, na baada ya uhuru wengi walijichagulia majina mapya. Mama aliweza kuwa na jina moja la ukoo, na mwanawe wa kumzaa akawa na jingine. Jina la muuzaji ndilo lililokaa mahali pamoja, kwa kuwa yeye hakuuzwa. Kwa hiyo mtu aliyetaka kumpata mamaye alilazimika kushika mkononi, kama fimbo ya kipofu, jina la yule aliyewatenganisha.

Je, walipatana? Wachache walipatana, na gazeti lilifurahi kuandika habari zao. Walio wengi hawakuonana tena. Lakini matangazo hayakupotea bure. Yamehifadhiwa katika maktaba za Marekani. Chuo Kikuu cha Villanova na jumba la hati za kale la New Orleans wameyakusanya kwa maelfu na kuyaweka katika intaneti, kila mtu ayasome. Aliyetuma tangazo alitaka kumpata ndugu yake. Hakujua ya kuwa anawaandikia pia vitukuu ambao hawajazaliwa. Mara nyingi karatasi hiyo ya senti 50 ndiyo mahali pa pekee ambapo majina ya jamaa wote yameandikwa pamoja, na yameandikwa kwa neno la mmoja wao wenyewe, si kwa neno la bwana.

Kutafuta kwa kurudi nyuma

Sasa na tuone jinsi mzao wa leo anavyotafuta. Yeye hafuati njia ya historia ya vitabuni, inayoanza mwanzo na kushuka. Huanza na alio nao, akapanda nyuma: kwanza wazee walio hai, kisha maandishi ya makaburini, kisha vitabu vya kanisa vya ndoa na ubatizo, kisha hesabu ya watu ya serikali.

Hesabu ya mwaka 1870 ndiyo mlango wa kwanza. Ni hesabu ya kwanza ya Marekani iliyowaandika watu wote waliokuwa watumwa kwa majina yao. Ukitaka kupita nyuma ya mwaka huo wakutana na ukuta. Katika hesabu za 1850 na 1860 serikali iliwaandika watumwa katika karatasi za peke yao: jina la bwana juu, na chini yake umri, mume au mke, na rangi. Jina la mtumwa halikuandikwa. Kulikuwa na shauri la kuwaandika kwa majina, lakini wajumbe wa kusini walilipinga likaanguka. Basi mtafutaji huona, kwa mfano, "mwanamke, miaka 30", na anadhani huenda ni bibi yake, wala hawezi kuapa.

Watafutaji wamejifunza kuuzunguka ukuta huo. Njia moja ni daftari za Freedman's Bank, benki iliyofunguliwa mwaka 1865 kwa ajili ya watu waliopata uhuru. Mtu alipoweka fedha, karani alimwuliza majina ya baba na mama na ndugu zake, na mahali alipozaliwa, ili asije mwingine akajifanya yeye. Benki hiyo ilianguka mwaka 1874, na maskini wengi wakapoteza akiba zao. Lakini majina yakabaki. Njia nyingine ni hati za mirathi, kwa kuwa bwana alipokufa mali yake iliandikwa yote, na watumwa waliandikwa kwa majina na bei kati ya nyumbu na majembe. Tena kuna orodha za merikebu. Sheria ile iliyokataza kuingiza watumwa kutoka ng'ambo ilimlazimisha nahodha wa merikebu ya pwani kuandika jina, umri na kimo cha kila mtumwa aliyemchukua, ili ijulikane kwamba hakumtoa nchi za nje. Orodha ya Katharine Jackson ni ya namna hiyo.

Tumchukue mtu mmoja tuone. Katika makaburi ya Kikatoliki ya Maringouin, mji mdogo wa wilaya ya Iberville, kuna msalaba wa marumaru wenye jina Neely Hawkins, na mwaka wa kufa 1902. Neely ni kifupi cha Cornelius. Katika hesabu ya 1870 yumo Cornelius Hawkins, mtu huru, kazi yake kulima. Ukipita nyuma ya ukuta, mwaka 1851, alipokufa Jesse Batey, katika orodha ya mali zake yumo Cornelius, naye amekadiriwa dola 900. Endelea nyuma tena hata mwaka 1838: katika orodha ya watu waliouzwa na Wajesuiti yumo mvulana Cornelius, umri wake miaka 13.

Hayo ni maandiko manne, ya miaka 64. Ukiyapanga yanakuwa maisha ya mtu. Alitolewa kwao akiwa na umri wa mvulana wa shule zetu. Jamaa zake wakatawanywa katika mashamba mbalimbali. Akauzwa pamoja na shamba na kurithiwa kama ng'ombe. Akapata uhuru akiwa mtu mzima. Akafa na kuzikwa chini ya msalaba wa dini aliyobatizwa kwayo, na jamaa zake wakamwandika kwa lile jina la kifupi walilomwita nyumbani. Miongoni mwa maandiko hayo manne, hilo la kaburini ndilo lililoandikwa na watu waliompenda.

Mtafutaji hana budi kuwa na saburi na shaka. Umri katika hati hizi haupatani sawasawa: mtu aweza kuzidi miaka kumi na mbili tu katika hesabu mbili zilizopishana miaka kumi. Majina huandikwa kila karani kwa masikio yake. Watu wawili waweza kuwa na jina moja katika shamba moja. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Sharti lipatane na umri, na mahali, na jamaa waliotajwa pamoja nalo. Anayeruka hatua kwa hamu ya kupata babu, aweza kumpata babu wa mtu mwingine.

Yaliyofuata

Hati za mauzo ya 1838 hazikufichwa chini ya ardhi. Wanachuoni wachache walizijua na kuziandika. Lakini kwa muda mrefu zilionekana kuwa habari za mapadre na madeni yao, si habari za jamaa walio hai. Mambo yakageuka mwaka 2015, wanafunzi wa Georgetown walipolalamika kwamba nyumba mbili za chuo zina majina ya mapadre waliosimamia mauzo yale. Mwaka huo huo mtu mmoja aliyepata kusoma chuoni hapo akaanzisha kazi ya kuwatafuta wazao, akiwatumia wataalamu wa nasaba. Mwaka 2016 gazeti la New York Times likaandika habari hizo, na watu wa Maringouin na miji mingine wakatambua majina ya jamaa zao. Wako waliokuwa wamekwisha kufika huko peke yao, miaka mingi kabla, kwa kupekua hati za mahakama. Sasa wazao wanaojulikana ni maelfu.

Tarehe 18 Aprili 2017 chuo na shirika vikaomba msamaha mbele ya wazao, kwa ibada. Mkuu wa Wajesuiti aliyesema siku hiyo alikiri waziwazi kwamba wametenda dhambi. Nyumba iliyoitwa kwa jina la Mulledy ikaitwa Isaac Hawkins, kwa jina la yule mzee wa miaka 65 aliyeandikwa wa kwanza. Mwaka 2021 Wajesuiti wakaahidi kutoa dola milioni 100 kwa kazi ya kusaidia wazao na kuleta upatanisho. Wazao wenyewe hawakuwa na neno moja juu ya hayo. Wako waliopokea, na wako waliosema ni kidogo na yamechelewa. Mimi sina haki ya kuwaamulia. Nasema tu kwamba pasipo majina, pasingekuwa na mtu wa kuombwa msamaha. Mtu hawezi kumtaka radhi "mwanamke, miaka 30".

Neno kwetu

Yawezekana msomaji aseme, Hayo ni ya Marekani; yatuhusu nini? Yatuhusu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaendelea kuvunjwa kidogo kidogo: Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Kati yetu wako watu ambao mmoja wa wazee wao wa zamani alishikwa njiani akiwa mtoto. Huko Freretown, karibu na Mombasa, ilikoanzishwa kambi ya watu waliookolewa mwaka 1875, wengi walipata ubatizo na majina mapya ya Kiingereza. Jina jipya liliandikwa vema kitabuni. La zamani, aliloitwa na mama yake huko bara, mara nyingi lilibaki kinywani mwake tu. Alipokufa, likafa naye.

Katika jamaa nyingi habari hizi husemwa kwa sauti ya chini, au hazisemwi kabisa, kwa aibu. Aibu hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Aliyeuzwa hakufanya kosa. Wale wa Louisiana wangeona haya kutaja majina ya mama zao na ya mabwana zao mimbarini, leo wazao wao wasingekuwa na kitu mkononi. Walivumilia kusomwa mbele ya kanisa zima, kwa sababu waliwapenda watu wao kuliko walivyoiogopa aibu.

Basi walimu wenzangu, nina shauri dogo. Mtoto akiisha jua kuandika, mpeni daftari, aende kwa mzee wa jamaa yake aandike: majina ya watu, pamoja na yale ya utotoni, mahali walipozaliwa, nani alikuwa ndugu wa nani, nani alikwenda wapi na hakurudi. Asiache neno kwa kuwa ni chungu, wala asiongeze neno kwa kuwa ni tamu. Aandike pia jina la aliyemwambia, na tarehe. Na ninyi mnaoshika vitabu vya ubatizo na vya shule, mwandikapo jina jipya la mtu, liandikeni na la zamani kando yake, kwa wino mzuri, kwa maana hamjui ni nani atakayelitafuta.

Mzee Isaac aliandikwa kwa ajili ya fedha, na hata hivyo jina lake likawafikia wazao wake baada ya miaka 180 karibu. Wazee wetu tulio nao nyumbani hawauzwi na mtu. Haifai jina la mtumwa aliyeandikwa na mfanya biashara lidumu, na la mama aliye huru lipotee kwa kuwa mwanawe hakutia kalamu katika wino.